Mtoto wa Thelathini na Saba

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Februari, saa saba kasoro robo mchana, basi la shule lilikuwa limeegeshwa nje ya kinu cha maji cha Harcombe, mjini Durban. Dereva alikuwa anamalizia robo ya bani chao, mkate uliojazwa mchuzi, maharage yanamteremka hadi kwenye kiwiko. Mwalimu Kemunto alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi na orodha yake mkononi. Ziara ilikuwa imekwisha salama. Hakuna aliyetumbukia majini, hakuna aliyetapika, na kila mtoto alikuwa na kifuko chake cha unga wa mahindi uliosagwa mbele ya macho yake, kama ilivyo desturi ya kinu kile kwa kila shule inayokuja.

Kemunto hakuwa mtu wa kuhesabu vichwa kwa macho. Alipokuwa anaanza kazi kwao Kenya, kule Nyamira, alimsahau mtoto mmoja kwenye kiwanda cha majani ya chai, akarudi mbio na roho mkononi, akamkuta amekaa na walinzi anakula mandazi ya bure. Tangu siku hiyo kila mtoto wake alikuwa na namba, na kabla basi halijaondoka kila mmoja aliitaja yake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Darasa lake la nne lilikuwa na watoto thelathini na sita. Wa kwanza alikuwa Brandon, na wa mwisho alikuwa Mishka, ambaye aliipenda mno kazi ya kufunga hesabu.

"Thelathini na sita!" Mishka akapaza sauti.

"Thelathini na saba," ikasema sauti nyingine, kwa adabu.

Kemunto akapanda ngazi mbili kuangalia. Pembeni ya Mishka alikuwa amekaa msichana wa miaka tisa hivi, miguu mitupu, gauni lake gunia lililotobolewa matundu matatu. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Unga huo ulimdondoka polepole hata akiwa ametulia, na tayari ulikuwa umefunika nusu ya kiti na begi zima la Mishka.

"Wewe ni wa shule gani, mwanangu?"

"Sina shule, mama. Ndiyo ninayoitafuta."

"Yuko sharp, Ticha," Mishka akamtetea. "Nimeshampa chipsi."

Urbain, msagaji wa kinu, mtu wa Bukavu, akaja bila haraka huku akijipangusa mikono kwenye aproni. Nyuma yake alifuata binti yake Ineza, wa miaka minane, ambaye alishinda pale kinuni amekaa juu ya magunia.

"Bon, Madamu, pardon," Urbain akasema. "Ule mutoto iko wa hapa."

"Ni binti yako pia?"

"Hapana. Iko wa kinu. Kila ekole inakuja, anapanda basi. Jina yake Zafarani. Alikufa mwaka wa elfu moja mia nane sabini na sita, lakini hajambo."

"Alikufa na nini?"

"Homa."

"Pole sana," Kemunto akamwambia mtoto.

"Nimeshapoa, mama," Zafarani akajibu.

Hapo Kemunto akaelewa kitu kilichokuwa kinamkera tangu asubuhi. Ubao wa mlangoni ulisema kwamba kinu kilijengwa mwaka 1874 na Bwana Harcombe kwa mikono yake mwenyewe: mfereji wa mita mia nne, ukuta wa mawe, gurudumu la mbao lenye kimo cha nyumba. Ubao haukusema Bwana Harcombe alikuwa na mikono mingapi. Watoto walipokwisha kuusoma kwa pamoja, Rayhaan, ambaye haachi kitu kipite hivihivi, aliuliza gurudumu zito namna ile linazungushwaje na kijito alichokivuka yeye bila kulowanisha soksi. Ni kweli, kiwanda kimoja huko juu kilikinga maji miaka ishirini iliyopita, na kilichobaki hakimtoshi hata bata. Urbain alimjibu, "Angalia pale." Watoto wote wakaangalia, wakamwona msichana ameweka kiganja chake kwenye gurudumu, na gurudumu linakwenda. Rayhaan akaandika jibu hilo kwenye karatasi yake ya maswali. Wakati huo Kemunto alikuwa ameinama anamfunga mtoto kamba za viatu, kwa hiyo hakuona.

"Na mbona anataka kuondoka?" akauliza sasa.

Zafarani akaeleza mwenyewe, mikono magotini. Aliletwa Durban na meli ya Waingereza iliyomtoa mikononi mwa wauza watumwa baharini, akiwa na miaka sita. Bandarini akaambiwa yu huru, na siku ya pili yake akapewa mkataba wa kazi wa miaka mitano. Alibeba mawe ya ukuta wa kaskazini. Kinu kilipokwisha akawekwa kwenye unga. Mwaka wa tatu akafa, ikawa bado anadaiwa miaka miwili ya kazi, na mpaka leo hakuna aliyekuja kumwambia imekwisha. Hayo yote hakuyalalamikia. Kilichomchosha, alisema, ni kusikiliza. Shule zinakuja, watoto wanasimama mbele ya ubao wanasoma, na yeye yuko nyuma ya gurudumu anasikia maneno yanatoka kwenye mbao kama maji, wala hajui yanatokaje.

"Nataka kusoma," akasema. "Nimeingia kwenye mabasi zaidi ya mia mbili, mama. Yote yalinishusha."

"Leo pia itabidi ushuke," Kemunto akamwambia, na alijisikia vibaya kusema hivyo. "Lakini nitauliza."

"Wote husema watauliza."

"Mimi ni Mkisii, wewe mtoto. Nikisema nitauliza, watu hawalali."

Zafarani akashuka. Ineza akamshika mkono, wakarudi ndani pamoja.

Jumatatu asubuhi Kemunto akaenda kwa Lynn, katibu wa shule. Mkuu wa shule alikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kutia saini; aliyeiendesha shule ni Lynn. Alikuwa Mkenya mwenzake, mkaazi wa South Beach ghorofa ya kumi na nne, mtu mwema sana ambaye wema wake uliishia pale fomu inapoanzia. Akamsikiliza Kemunto hadi mwisho, akafungua droo, akatoa fomu.

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Hana."

"Cha kifo?"

"Hana pia. Walimzika bila kuandika popote."

Lynn akagonga kalamu mezani akifikiri. "Kwa hiyo hata huko kufa hakujathibitishwa. Kadi ya chanjo?"

"Lynn, mtoto alikufa kwa homa."

"Nimeuliza tu, lazima niulize. Uthibitisho wa anwani?"

"Anakaa palepale miaka mia na hamsini! Nani mwingine Durban hii ana anwani ya kudumu kumshinda?"

Lynn akaweka kalamu chini. "Haki, usinione mbaya. Kufa si tatizo. Kanuni za shule hii nazijua zote, hakuna mahali zinapokataza. Umri pia tutauzungushazungusha, mwili si ni wa miaka tisa? Shida ni karatasi. Yule mtoto wa Urbain wa huko kinuni, Ineza, baba yake alimleta hapa mwaka jana, nikamrudisha kwa kukosa karatasi hizihizi. Na yule anapumua. Nikimpokea huyu, yule baba nitamtazama na macho gani?"

Kemunto hakuwa na habari hiyo. Aibu ikamshika, kwa maana siku ya ziara alimwona Ineza juu ya magunia siku ya shule, saa za shule, akadhani mtoto anaumwa na tumbo.

"Basi wapokee wote wawili," akasema.

"Na karatasi?"

"Zikupe nini, hizo karatasi?"

"Mhuri," Lynn akajibu bila kuona haya. "Mimi niletee karatasi yoyote yenye jina la mtoto na mhuri. Yoyote ile, sitauliza imetoka wapi."

Jumatano Kemunto akarudi kinuni. Mtunzaji wa mahali pale alikuwa Khadeeja, mzaliwa wa Durban, ambaye wazee wake waliletwa na meli zilezile zilizomleta Zafarani. Bibi yake alizaliwa mtaa wa Bluff, akahamishwa kwa nguvu enzi za ubaguzi hadi mtaa wa Chatsworth, na Kiswahili cha bibi huyo ndicho Khadeeja alichozungumza hadi leo, taratibu, kama mtu anayebeba vyombo vya udongo. Khadeeja alimwita Zafarani Bibi, kwa sababu kwa umri alikuwa rika la nyanya wa nyanya yake, na kila asubuhi alimwamkia shikamoo. Zafarani aliitikia marahaba huku akiruka kamba.

Khadeeja akavua miwani, akavaa miwani, akafungua kabati. Karatasi yenye Zafarani ndani yake ilikuwa moja tu, orodha ya vifaa vya urithi vya kinu. Namba 117 ilikuwa nyundo ya kuchongea mawe ya kusagia. Namba 118 ilikuwa "Zafarani, msichana mmoja, wa kazi." Ukurasa mzima ulikuwa na mhuri.

"Mimi mwenyewe sikufurahi nilipoiona," Khadeeja akasema. "Nimeiandikia bodi ya kinu barua nne, nawaambia mtoeni Bibi yangu kwenye orodha. Wamenijibu mara nne. Wanasema akitolewa, gurudumu litasimama, na kinu kikisimama hakiitwi tena kinu kinachofanya kazi, na shule hazitakuja."

"Na Urbain atakosa kazi."

"Na mimi. Lakini kuna kitu kimoja. Vifaa vyaweza kuazimwa." Akatoa fomu nyingine. "Shule moja huazima jiwe la kusagia la mkono kila mwezi wa tisa, Siku ya Urithi. Wanaliweka ukumbini wiki nzima, watoto wanaligusa, kisha wanalirudisha. Fomu ni hiihii."

Kemunto akaitazama fomu. Jina la kifaa. Namba. Muda wa kuazimwa. Hali ya kifaa. Hasira ikampanda.

"Nimtilie saini kama jiwe?"

"Kama jiwe."

"Sijapenda, Khadeeja. Sijapenda hata kidogo."

"Nani kapenda?"

Zafarani alikuwa amesimama mlangoni, unga unamdondokea miguuni. "Hilo jiwe," akauliza, "huwa linaingia darasani?"

"Linaingia," Khadeeja akasema.

"Basi nitilieni saini upesi, kabla hawajabadili mawazo."

Masharti yalikuwa mawili. Kifaa kirudishwe kila Ijumaa kabla ya saa mbili asubuhi, maana Ijumaa ni siku ya ziara na bila hicho gurudumu halizunguki. Na kifaa kivae namba yake wakati wote, ili kisipotee. Kwa hiyo Zafarani akaanza darasa la nne akiwa na kibati cha shaba chenye namba 118 mkononi, ambacho Mishka alikionea wivu hadi akajitengenezea chake kwa kifuniko cha chupa. Kufikia wiki ya pili darasa zima lilikuwa na vibati.

Hakuna shule iliyowahi kupata mwanafunzi mwenye faida namna ile. Unga uliomdondoka kutwa ulifagiliwa saa nane na watoto wa zamu, ukachekechwa, ukapimwa. Ulifika kilo moja na nusu, siku za hesabu ngumu kilo mbili. Mpishi wa shule akaupika ugali, akakiri kwamba hajawahi kuona unga laini namna ile tangu aondoke Bungoma. Halafu maji. Mitaa ya Overport, ilipo shule, maji yalikuwa yanakatika siku tatu kwa wiki, watu wanapanga ndoo, wanasema eish na kwenda zao. Lakini bomba la jengo alimo Zafarani lilitoa maji mfululizo. Usiku alilala kwa Kemunto, kwenye sofa, na majirani wa ghorofa nzima wakaanza kumsalimia Kemunto kwa furaha ambayo miaka sita hawakuwa nayo. Mama wa mlango wa pili alimletea sambusa. Alimwomba tu asimhamishe huyo mgeni wake.

Kusoma nako alikushika kama mtu aliyekuwa amekufa njaa. Alisoma paketi za chipsi. Alisoma migongo ya taxi zikisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, akamsomea dereva wa basi onyo la breki alilokuwa amelipuuza mwaka mzima. Alisoma jina la dawa ya meno kwa sauti kila asubuhi, akacheka, na akicheka feni ya darini kwa Kemunto ilizunguka kinyume. Kwenye jaribio la mwisho wa muhula alikuwa wa tatu. Ila ripoti hakupata. Lynn alikuwa amemwandika kwenye daftari la vifaa vya kufundishia, kati ya tufe la dunia na mifupa ya plastiki, na tufe la dunia halipewi ripoti. Kemunto akamwandikia yake kwa mkono, kwenye karatasi ya kawaida, na Zafarani akaisoma mara kumi na moja akiwa amesimama.

Na Ineza je? Kila Jumatatu Kemunto alipita kwa Lynn kumuulizia, na kila Jumatatu Lynn aliinua mikono juu na kusema mhuri. Urbain alishajaza kila fomu inayojazwa. Alipanga foleni ofisi za uhamiaji tangu giza la alfajiri, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa aliyemwambia arudi amehama. Kwa hiyo mambo yakawa hivi: Ijumaa asubuhi Kemunto alimrudisha Zafarani kinuni, na Zafarani, kiganja cha kushoto kwenye gurudumu, mkono wa kulia umeshika penseli, alimfundisha Ineza yote aliyojifunza tangu Jumatatu. Shule za wageni zilipoingia ziliwakuta hivyo. Watoto walidhani ni sehemu ya ziara, wakanakili na hayo maswali ya kugawanya.

Ijumaa ya mwisho ya muhula Kemunto alikwenda kuongeza muda wa kuazima. Khadeeja akaweka fomu mezani. Zafarani akaomba aisome mwenyewe. Aliisoma yote bila kukwama: jina la kifaa, namba, wa kazi. Kwenye hali ya kifaa palikuwa na vijisanduku vitatu, Nzuri, Wastani na Mbovu, akaweka alama kwenye Nzuri na kukabidhi kalamu.

Urbain alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akavua kofia yake yenye unga. Kemunto hakuwahi kumwona bila kofia.

"Dada Khadeeja," akasema. "Mimi nimefikiri. Ile listi yenu ya bintu, inaishia mia moja kumi na nane?"

"Inaishia hapo, Kaka Urbain."

"Basi muniandikie mutoto wangu. Mia moja kumi na tisa. Ineza, musichana moja. Muweke ule mhuri. Madamu atamwazima, kama anavyoazima huyu."

Khadeeja hakucheka, na Kemunto hakumwambia Urbain kwamba mtu hawi kifaa. Wote walikuwa wamekwisha kuliona hilo likifanyika, tena kwa faida. Khadeeja akachukua orodha, akageuza kurasa nyuma hadi kwenye kanuni, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Alitafuta kwa moyo wote. Kemunto alisimama nyuma yake anasoma naye, akiomba kimoyomoyo, akiona aibu kwa kitu anachokiomba.

Kidole kikasimama.

"Kifaa hakiandikishwi," Khadeeja akasoma, "mpaka kizidi miaka sitini."

Urbain akapiga hesabu kwa vidole, akairudia. "Ana minane."

"Najua, kaka yangu."

"Bado hamsini na mbili."

"Hamsini na mitatu. Wamesema kizidi."

Urbain akavaa kofia yake. Nje basi la shule nyingine lilikuwa linaegesha, na sauti za watoto zilisikika zikigombania nani atangulie. Akaenda kuwapokea, maana hiyo ndiyo kazi yake, na kutoka ndani Kemunto akamsikia akiwakaribisha kwa uchangamfu uleule, bonjour, sanibonani, karibuni, musiguse ule mukanda.

Ineza alikuwa amekaa juu ya gunia lake, amesikia yote. Akamtazama Zafarani.

"Hamsini na mitatu ni mingi?"

Zafarani alikuwa amekwisha weka kiganja kwenye gurudumu, nalo lilikuwa limeanza kusogea. Akalifikiria swali hilo kwa uangalifu, kama alivyolifikiria kila swali la hesabu.

"Si mingi," akasema. "Mimi nilingoja mia na hamsini, na wakanichukua."

Kisha akajisogeza kumpa nafasi, akafungua daftari pale walipokuwa wameishia Ijumaa iliyopita, akamkabidhi penseli.